Nani Alikuwa Akimsemea Furushi?

Jirani yetu Mama Rehani anasema watu wawili wa Wizara waliingia kwake asubuhi akiwa anachambua mchicha, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakaketi mkekani, wakakataa chai, kisha wakamwomba acheke.

"Nicheke nini?" anasema aliwauliza.

"Cheka tu, Mama. Cheka kama ulivyokuwa ukicheka zamani."

Anasema akajaribu. Kicheko cha kwanza wakamwambia hicho ni cha sasa. Cha pili wakasema kinakaribia, ila kina wasiwasi ndani yake. Kilichofuata kikamtoka chenyewe, kwa sababu jogoo wake alikuwa ameingia ndani na kusimama nyuma ya yule bwana mkubwa, anamchunguza kisogo kama anayetafuta punje. Hapo wale wageni wakatazamana, wakaandika, wakamshukuru kwa niaba ya taifa, wakavaa viatu vyao wakaenda zao.

Mimi sikuwepo. Nasema alivyosema yeye. Mama Rehani ni mtu wa kutia chumvi, na chumvi yake mara nyingi huzidi mchuzi. Lakini siku hiyo sikumbishia, kwa sababu viatu niliviona. Nilikuwa nafua uani kwetu, na pale kwenye kizingiti chake vilikuwa vimekaa: vyeusi, vimechongoka mbele, vinang'aa mpaka nzi wanateleza. Katika mtaa wetu wa Bomba Bovu mtu huvalishwa viatu vya namna ile akiwa ndani ya jeneza.

Kilichonitia shaka zaidi ni kingine. Mtaa una nyumba nyingi, na wenye vicheko vizuri wapo. Kwa nini waanze na yeye?

*

Labda nieleze kwanza, maana huenda msomaji anatoka nchi nyingine.

Nchi yetu ni nchi ya furaha. Jambo hilo limo katika wimbo wa taifa, ubeti wa pili, na ubeti huo ukiuimba umenuna unapelekwa kituoni. Kiongozi wetu ni Mtukufu Baba wa Utulivu, Mlezi wa Mvua, Mwalimu wa Walimu na Mgonjwa wa Kwanza wa Hospitali ya Rufaa, cheo alichopewa siku alipoizindua kwa kupimwa homa. Inasemekana siku moja msafara wake ulipunguza mwendo kwa sababu ya mbuzi, na kioo cha gari kilikuwa wazi kidogo, akamsikia mlinzi wake mmoja akimwambia mwenzake, "Zamani bwana, tulikuwa tunacheka."

Maneno hayo tu. Mtukufu chakula cha mchana hakikupita. Alitaka kujua: zamani ndiyo lini? Na sasa je? Na kama kicheko kilikuwepo, kimekwenda wapi na kimechukuliwa na nani? Mlinzi akaulizwa, akasema alikuwa anakumbuka tu Kapu la Alhamisi, kile kipindi cha vichekesho vifupi vifupi kilichokuwa kikionyeshwa na televisheni ya taifa. Mlinzi huyo alipandishwa cheo papo hapo, akapelekwa kulinda mnara wa kuongozea meli katika mkoa usio na bahari.

Ikaundwa Tume. Tume ikagundua kwamba wananchi wengi wana hamu ya zamani, kwamba hamu hiyo wanaificha majumbani bila kuisajili, na kwamba hamu ikikaa bila usimamizi huchacha. Kwa hiyo ikazaliwa Wizara ya Kumbukumbu Njema, na ndani yake Idara ya Kicheko cha Kale, chini ya Kaimu Naibu Mkurugenzi, Bwana Onesfori Kilumba. Ndiye yule wa viatu.

Kazi yake ilionekana nyepesi. Atoe kanda za Kapu la Alhamisi stoo, zionyeshwe tena, watu wacheke, wamalize, warudi kazini. Stoo ikafunguliwa. Kanda zilikuwepo zote, zimepangwa vizuri, zina vumbi la heshima. Ila juu yake zilikuwa zimerekodiwa hotuba za Mtukufu. Wakati ule kanda zilikuwa chache na hotuba zilikuwa nyingi. Waziri alilieleza jambo hilo redioni kwa ufasaha: "Vichekesho havijafutwa. Vimefunikwa na jambo la maana zaidi."

Ikabaki njia moja, vichekesho vichimbwe kutoka vichwani mwa watu.

*

Tuliitwa uwanjani kwa Mjumbe wa mtaa, Mjumbe Kasiga, mtu anayevaa koti hata kwenye joto ili mifuko isikose pa kukaa. Mama yangu alikuja na kigoda chake na kichwa cha mteja, maana yeye ni msusi, na kichwa kikishafunguliwa huwezi kukiacha. Akakaa pembeni kivulini, anasuka.

"Ndugu wananchi," Mjumbe akaanza, "leo tumetembelewa na Hamu."

Bwana Kilumba akasimama. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na kando yake alikuwepo dada mwenye miwani ambaye kazi yake ilikuwa kuandika.

"Serikali yenu haijakataza kucheka," alisema. "Uvumi huo puuzeni. Serikali inachotaka kujua ni mlicheka wapi, mlicheka na nani, mlichekea upande gani wa mdomo, na kicheko hicho mlikiweka wapi baada ya matumizi. Semeni bila hofu. Dada huyu anaandika majina tu."

Kisha Shomvi fundi baiskeli, ambaye ulimi wake hauna breki, akanyanyua mkono.

"Mimi naikumbuka ile ya daraja! Ile ya daraja, jamani!"

Niseme kwamba Kapu la Alhamisi lilikuwa na watu wawili. Furushi alikuwa bwana mnene mwenye suti inayombana, na kila wiki alikuwa na cheo kipya. Kibiriti alikuwa msaidizi wake, mwembamba, kichwa kikubwa. Basi.

"Furushi anafungua daraja," Shomvi akasema, tayari anacheka. "Anakata utepe. Kibiriti anachungulia chini, anamwambia, 'Bosi, mbona mto haupo?' Furushi anasema, 'Mto umeitwa. Umepelekewa askari. Usipofika leo, tunauhesabu mtoro!'"

Uwanja ukalipuka. Watu wakapigana makofi ya mgongo. Kuna bibi alitoa meno yake bandia akayashika mkononi ili acheke kwa usalama. Hata dada wa miwani kalamu ilimponyoka.

"Na ile ya hospitali!" akadakia Mama Tegemea muuza maandazi. "Furushi daktari mkuu. Mgonjwa anasema anaumwa kipindupindu. Furushi anamwambia, 'Kipindupindu tulikifuta kwa tangazo. Wewe unaumwaje kitu kisichokuwepo? Kibiriti! Mpime huyu uongo!'"

"Mpime uongo!" uwanja mzima ukarudia, na watu wakajishika mbavu, kwa kuwa mwaka ule wa kipindupindu tulizika sana.

Bwana Kilumba hakucheka. Alikuwa anafunua karatasi zake mbele na nyuma, taratibu, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.

"Samahani," alisema. "Kichekesho cha daraja nimekichukua mitaa yote ya wilaya hii. Wote wamesema Furushi anakata utepe, anateleza, anaanguka. Kibiriti anamwinua, naye anaanguka. Mwisho. Cha hospitali, Kibiriti anakalia sindano. Mwisho. Mto kuitwa sijausikia popote. Ninyi mlikuwa mnatazama kituo gani?"

"Kituo ni kimoja tu nchi nzima, mheshimiwa," akasema Shomvi.

"Najua ni kimoja. Ndiyo maana nauliza."

Nilivyosikia mimi, kicheko hakikuisha. Kilikatwa, kama umeme.

"Nilisikia kwa masikio haya," Mama Tegemea akasema, lakini sasa kwa sauti ya mtu anayetamani masikio yawe ya mwingine.

"Mimi sikusikia kitu," akasema Mjumbe Kasiga. "Nilikuwa nimelala."

"Wewe Mjumbe? Si ulicheka mpaka ukaanguka na kiti cha watu!"

"Nilianguka kwa usingizi."

Nikamtazama Mama. Vidole vyake vilikuwa vimesimama katikati ya msuko. Hakuinua uso. Nikatazama uwanja mzima, mmoja mmoja, nione nani mwingine anamtazama. Watu wote walikuwa wanamtazama Bwana Kilumba.

Isipokuwa Mama Rehani. Yeye alikuwa anamtazama Mama.

*

Ukweli ni huu, na mtaani walikuwa wameusahau bila kukusudia.

Televisheni ya mtaa ilikuwa moja, ya marehemu Mzee Gwido, karani wa reli. Alhamisi jioni tulijaa kwake. Watoto tuliosha miguu kwenye karai, tukamwonyesha mkewe nyayo, ndipo tukaruhusiwa kukaa mkekani mbele. Wakubwa walikaa nyuma yetu. Waliokuwa wamegombana na mwenye nyumba walitazamia dirishani, na Mama Rehani alikuwa mtu wa dirishani daima, kwa sababu ya kesi ya bata aliyeingia bustani ya Mzee Gwido na kula miche yote.

Televisheni ile ilikuwa na picha safi sana. Sauti haikuwa nayo. Spika iliharibika mapema, fundi akaifungua akaondoka nayo kutafuta inayofanana, na mpaka Mzee Gwido anazikwa fundi alikuwa bado anatafuta.

Sasa Alhamisi moja, Furushi anafungua mdomo na kufumba, anafungua na kufumba, watu wanaanza kupiga miayo, Mama yangu akavuta kigoda akakaa ubavuni mwa televisheni, karibu na ukuta, akaanza kusema maneno. Furushi alimtoa tumboni, sauti nzito yenye shibe. Kibiriti alimtoa puani. Alikuwa anatazama midomo yao, anaweka maneno yanayoenea. Hakuwahi kusikia wanasema nini kwa kweli. Alikuwa anasuka vichwa vya watu kutwa nzima, na mtu akishikwa kichwa huongea kila kitu: mto uliokauka, dawa zilizokosekana, bwana mkubwa aliyepita akaahidi. Alhamisi Mama alimpa Furushi hayo yote ayaseme.

Sisi mbele tulitazama kioo. Waliokuwa nyuma walitazama kioo. Wiki zikapita, miaka ikapita, na maneno yakahamia ndani ya televisheni yenyewe. Leo ukimuuliza Shomvi atakuapia kwamba Furushi wa serikali alisema mto umeitwa. Hamdanganyi mtu. Ndivyo anavyokumbuka.

Aliyekuwa dirishani tu ndiye aliyekaa upande wa kuona mdomo wa Mama.

Kuna kitu kingine. Miaka ya mwisho ya kipindi, televisheni nyingine ilifika mtaani, yenye sauti. Mama alikwenda kusikiliza. Akarudi mapema.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Maskini Furushi," akasema. "Kumbe hakuwa na la kusema."

*

Wizara ilitangaza kwamba katika Bomba Bovu kulikuwa na matangazo batili. Wahandisi wakaja, wakapanda juu ya bati la nyumba ya Mzee Gwido, wakapima upepo ili wajue ulikuwa unaleta nini wakati ule. Wakachimba shimo mahali palipokuwa na mlingoti wa antena, wakachukua udongo kwenye chupa. Bwana Kilumba akasema redioni kwamba kuna sauti iliingia ndani ya mdomo wa Furushi bila kibali cha Furushi wala cha Wizara, na mwenye sauti hiyo atafutwe.

Mtaani watu wakaanza kusahau kwa bidii. Shomvi akasema labda ilikuwa ndoto. Mama Tegemea akasema yeye vichekesho hajawahi kuvipenda, anapenda taarifa ya habari. Watu waliokuwa wakikaa barazani pamoja sasa kila mmoja alikaa kwake akimwangalia mwenzake amekaa vipi.

Mimi kazi yangu ikawa kumwangalia Mama Rehani. Mwanamke ambaye hakuwahi kuja kwetu kuomba hata kiberiti, sasa anakuja kila siku.

"Hodi! Mama Havi yupo?"

"Yupo, anasuka."

"Mzima?"

"Mzima."

"Koo halimsumbui? Maana vumbi hili, koo likiharibika mwanangu, ndiyo basi tena."

Koo! Miguu hakuiuliza, mgongo ambao Mama anaulalamikia tangu sijazaliwa hakuuuliza. Koo. Nikamwambia hana tatizo la koo. Akasimama pale mlangoni akiniangalia, kisha akasema, "Mwambie anywe maji ya moto, anyamaze kidogo," akaenda. Jioni ile nilimwona anatoka kwa Mjumbe. Kesho yake viatu vyeusi vilikuwa tena kwenye kizingiti chake.

"Mama, tuhame," nikasema.

"Twende wapi?"

"Kwa mjomba. Popote."

"Nimwache Mama Tegemea nusu kichwa?"

"Mama, Mama Rehani anakuuza."

Mama alivuta uzi kwa meno akaukata. "Havijawa," akasema, "Mama Rehani amejua miaka yote hii. Kama angeuza, si angeuza nikiwa bado na bei?"

Mimi sikuridhika. Niliona kwamba bei ndiyo kwanza imepanda.

*

Halafu Wizara ikageuka. Redio ikasema Mtukufu ameguswa sana, na yule mwenye sauti, popote alipo, hatafutwi tena kwa ubaya. Anatafutwa kwa wema. Atavishwa Nishani ya Mama wa Kicheko cha Taifa. Wakati huohuo kukawa na habari njema: mwishoni mwa kanda ya hotuba kuhusu mbolea kumeonekana kipande cha Kapu la Alhamisi ambacho hotuba haikukifikia. Sauti yake imeliwa, lakini picha ipo.

Mtaa wote tukaamriwa kufika uwanja wa shule. Kwa mujibu wa taratibu, mwananchi anatakiwa akumbuke katika mazingira ya awali. Kwa hiyo kulikuwa na mikeka na makarai. Watu wazima wakaoshwa miguu, wakanyanyua nyayo mmoja baada ya mwingine, na Bwana Kilumba, amevaa glavu, akazikagua. Babu mmoja alirudishwa mara mbili kwa ajili ya kisigino.

Kwenye meza iliwekwa televisheni, kando yake nishani ndani ya kisanduku chenye kitambaa chekundu, na kando ya nishani kifaa chenye mshale, cha kupimia kicheko. Nyuma ya meza kulikuwa na gari la kumchukua mshindi. Madirisha yake yalikuwa na nyavu za chuma, nadhani ili nishani isidondoke njiani.

Picha ikawaka. Furushi huyo, suti ileile, amesimama mbele ya mlango. Anaongea. Kibiriti anatikisa kichwa. Furushi anaugonga mlango, anaongea tena. Kimya kabisa. Uwanja mzima watu wameegemeza shingo mbele, na nikaona kitu cha ajabu: midomo yao ilikuwa inachezacheza. Walikuwa na njaa ya maneno.

Kipande kikaisha. Bwana Kilumba akapiga makofi kidogo.

"Aliyesema wakati ule, na aje aseme sasa. Nishani hii hapa. Gari liko tayari. Taifa linasubiri."

Mama alikuwa kando yangu. Nikamwona anakunja mguu kama mtu anayetaka kuinuka. Nikakamata pindo la kanga yake, nikalikalia.

"Ni mimi," sauti ikasema nyuma yetu.

Mama Rehani alikuwa amesimama. Kitenge kipya, wanja machoni.

"Wewe?" Shomvi akaropoka. "Wewe si ulikuwa dirishani!"

"Nilisemea dirishani. Sauti haina miguu ya kuoshwa, ilipita."

"Thibitisha," akasema Bwana Kilumba.

Picha ikarudishwa. Mama Rehani akasogea mbele, akakohoa, akajaza kifua. "Habari za asubuhi," akasema kwa sauti yake ileile ya kufukuza kuku. "Mimi ni Furushi. Huu ni mlango. Mlango ni maendeleo. Kibiriti, sema na wewe. Mimi Kibiriti nakubali."

Hakuna aliyecheka. Mshale wa kifaa ulilala chini kama mgonjwa. Mtu mmoja alipiga chafya. Niliwaza: sasa wamemjua, sasa watamrudisha mkekani. Lakini Bwana Kilumba alikuwa anateta na dada wa miwani, na dada wa miwani anafunua maelezo ya Wizara, na nikasikia anasema maneno haya yanalingana kabisa na ya vipindi vilivyoidhinishwa.

"Imethibitika," akatangaza Bwana Kilumba.

Akamvika nishani. Picha zikapigwa. Wakamshika mkono huku na huku, kama bibi harusi, wakampitisha kando ya mkeka wetu. Hapo akasimama.

"Mama Havi, shoga," akasema, "bata wangu hawajala."

Mlango wa gari ukafungwa kwa nje.

*

Mpaka leo sijui. Mwanamke yule maisha yake yote alitazama mambo ya watu kupitia dirishani, na nishani ilikuwa inang'aa kweli. Huenda aliipenda. Kitenge kipya hakivaliwi kwa bahati mbaya. Au huenda alikuwa ameviona vile viatu karibu kuliko mimi, akajua gari halitaondoka tupu. Nimeipindua kila upande, na kila upande kuna kitu kinanikonyeza.

Redio ikasema Mama wa Kicheko cha Taifa yuko katika mapumziko ya heshima mahali pazuri, ambapo hasumbuliwi na wageni. Mwanawe Rehani akaenda kuuliza mahali hapo ni wapi, akaambiwa heshima haina anwani.

Mama alilisha bata. Alifanya hivyo kila siku, mpaka asubuhi moja akafunga kanga yake nzuri akaniambia, "Vaa twende."

Wizarani, mtu wa mapokezi akatuuliza shida yetu.

"Tumekuja kumrudisha jirani," akasema Mama.

"Hiyo haipo. Kuna kurudisha kumbukumbu, kurudisha vifaa na kurudisha shukrani."

"Andika shukrani."

Tukapelekwa ofisini kwa Bwana Kilumba. Alikuwa peke yake. Kwenye kona televisheni ilikuwa inawaka, Mtukufu anahutubia, sauti imezimwa. Wizarani, alitueleza, Mtukufu haruhusiwi kuzimwa, ila kupunguzwa anaruhusiwa wakati wa kazi.

Mama hakukaa. "Mwanangu," akasema, "aliyekuwa anasema ni mimi. Yule hawezi kuiga hata kuku, na kuku anafuga. Mrudisheni kwake, mnichukue mimi."

Bwana Kilumba akatazama mlango. Akainuka, akaufunga.

"Mama, faili limefungwa. Sauti imethibitishwa. Nikisema siye, basi Wizara imekosea. Wizara ikikosea..." Akatazama picha ya Mtukufu ukutani, kisha Mtukufu wa kwenye kona, akaiacha sentensi palepale. Kisha akashusha sauti. "Mimi nimekulia kambi ya maofisa. Televisheni yetu ilikuwa na sauti." Aliyasema haya kama mtu anayekiri kwamba kwao walilala njaa. "Kila Alhamisi tulikaa tukaangalia, baba, mama, wote. Hatukucheka hata siku moja. Tulidhani ugonjwa uko kwetu. Tangu siku ile uwanjani kwa Mjumbe nausikia mto umeitwa kichwani mpaka nashindwa kuandika. Kidogo tu, Mama. Nisikie. Hata maneno mawili."

Nikazungusha macho. Droo ya meza ilikuwa wazi kiasi cha kupitisha waya wa kinasa sauti. Chini ya mlango niliona vivuli viwili vya miguu, vya mtu aliyesimama upande wa pili bila kugonga. Nikamvuta Mama kanga. Nilitaka ajue. Mama alikuwa ameshaona, nilimwona akiona.

Akavuta kiti, akakisogeza kwenye kona, akakaa ubavuni mwa televisheni. Mtukufu alikuwa ameinua kidole. Mdomo wake ukafunguka, na Furushi akatoka ndani yake, mzito, ameshiba:

"Ndugu wananchi! Nimemfungia mama mmoja. Sikumbuki kwa nini. Nimewauliza mawaziri, nao hawakumbuki, lakini wamepiga makofi." Mtukufu akapiga meza. "Nimeangalia mfukoni, ufunguo sina!" Akageuka kushoto. "Kilumba! Ninyi ndio mnatunza kumbukumbu. Sasa mbona mimi ndiye ninayeulizwa?" Akafuta jasho. "Mtoeni kabla sijamsahau kabisa, maana nikimsahau, nitamzindua!"

Mdomo na maneno vilienea kama mguu na soksi. Bwana Kilumba kwanza alitoa mlio kama wa mlango mbovu. Kisha akainama, akashika meza, akacheka. Alicheka kwa mwili mzima, machozi yakimchuruzika, anapiga karatasi za serikali kwa kiganja. Nje ya mlango dada wa miwani alikuwa anacheka, tukamsikia anateleza na ukuta mpaka chini. Ofisi ya pili wakaanza, bila kujua wanacheka nini, ya tatu ikadaka, na mwisho wa korido mtu wa mapokezi alikuwa anauliza kuna nini huku naye anacheka.

Halafu kikatulia, chumba kimoja baada ya kingine, kikitokea mbali kuja kwetu.

Kwenye televisheni Mtukufu alikuwa amenyamaza, anasubiri makofi.

"Basi, mwanangu," Mama akasema kwa sauti yake mwenyewe, "utamrudisha jirani yangu?"

Bwana Kilumba akatoa leso, akafuta jicho la kulia. Akafuta la kushoto. Akarudi la kulia, ambalo lilikuwa limeshakauka, akaendelea kulifuta, huku anatazama mlango.